Eksozi Mpya, Jeti ya Zamani

Katika mitaa ya Eastlands, Nairobi, eksozi ya pikipiki hununuliwa kwa sikio. Kijana wa Umoja au Kayole humsikia mwenzake akipita Outering Road kwa mngurumo unaogeuza shingo za watu, na siku ya pili yuko Barabara ya Kirinyaga, ile iliyoitwa Grogan Road zamani za ukoloni, akitafuta chuma cha sauti kama ile. Akikipata hukifunga jioni hiyo hiyo na kuzunguka nacho mtaani mpaka usiku. Kuhusu kabureta hakuna anayeuliza. Jeti iliyomo, kile kipande chenye tundu la kupimia petroli, ni ile iliyotoka nayo kiwandani, au ile aliyoiacha fundi wa mwisho, na pengine namba iliyochapwa kichwani mwake haisomeki tena.

Kinachofuata hutegemea aina ya injini. Pikipiki ya mipigo minne, kama Boxer na TVS zinazobeba abiria kutwa nzima, huanza kulegea kwenye mlima na kupasua moshi dereva anapoachia mafuta, lakini humfikisha nyumbani. Ya mipigo miwili haina subira hiyo. Zile Yamaha DT na AG100 za zamani zilizowahi kuwabeba maafisa wa kilimo na wa afya hadi vijiji vya mwisho, Suzuki za cc 100, na pikipiki za mbio za matope kama YZ, KX na KTM, huweza kwenda vizuri leo, kesho zikaenda vizuri zaidi, halafu keshokutwa pistoni ikashikana na silinda na gurudumu la nyuma likajifunga barabarani. Aliyeona mtu akirushwa namna hiyo hawezi kuliita jambo la jeti dogo.

Nazungumzia hasa hizi za mipigo miwili, ingawa ni chache siku hizi. Serikali ilipoondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki ndogo mnamo 2008, zile za India na China za mipigo minne zilifurika nchini na kuzisukuma kando. Hata hivyo hazijaisha. Katika uwanja wa mbio wa Jamhuri, Ngong Road, watoto bado hujifunzia pikipiki za mipigo miwili za cc 50, 65 na 85. Na katika gereji za Kariobangi Light Industries na Buruburu utazikuta DT za rika la wazazi wetu zikifufuliwa na vijana wanaozipenda kwa dhati, ambao huitafutia kila moja eksozi ya kigeni kabla ya kuitafutia taa. Mapenzi hayo ninayaelewa. Ninachotaka ni pikipiki ziyavumilie.

Injini ya mipigo miwili haina vali kama zile za mipigo minne. Ina matundu ubavuni mwa silinda, na pistoni ndiyo inayoyafungua ikishuka na kuyafunga ikipanda. Tundu la moshi hufunguka kwanza. Muda mfupi baadaye hufunguka yale yanayoleta mchanganyiko mpya wa hewa, petroli na oili kutoka chumba cha kranki. Kwa kitambo matundu yote huwa wazi kwa pamoja, na mchanganyiko ambao haujaungua, ule uliolipiwa kituoni kwa bei tunayoijua, hupata njia nyeupe ya kutorokea nje. Bomba lililonyooka huuacha uende zake.

Dawa ya tatizo hilo ilikamilishwa Zschopau, mji mdogo wa Ujerumani Mashariki, katika miaka ya 1950. Walter Kaaden, mhandisi wa kampuni ya MZ ambaye wakati wa vita alifanya kazi Peenemünde kulikoundwa makombora, alichukua wazo la eksozi yenye tumbo ambalo wengine walikuwa wameligusa, akalipimia hesabu. Eksozi hiyo hutoka kwenye silinda ikiwa nyembamba, hupanuka polepole hadi tumboni, kisha hubanwa kwa haraka mpaka kwenye mkia mwembamba. Tundu la moshi linapofunguka, wimbi la shinikizo hukimbia ndani ya bomba. Likifika mahali linapopanuka, hurudisha mvuto unaofyonza mabaki ya moshi na kuusaidia mchanganyiko mpya kupanda. Likifika mahali panapobana, hurudisha msukumo. Msukumo huo hukutana na mchanganyiko uliokwisha kutoroka na kuurudisha silindani kabla pistoni haijafunga tundu.

Kwa njia hiyo MZ ya cc 125 ilitoa nguvu farasi 25 mwaka 1961, sawa na 200 kwa kila lita, bila kifaa chochote cha kusukumia hewa. Septemba ya mwaka huo mwendeshaji wake wa mbio, Ernst Degner, alitoroka wakati wa mashindano ya Sweden na kuyapeleka maarifa hayo kwa Suzuki, na 1962 Suzuki ikatwaa ubingwa wa dunia wa cc 50. Kila eksozi yenye tumbo iliyowahi kupita Jogoo Road imetokana na kazi ile ya Zschopau.

Sasa twende kwenye hesabu, kwa kuwa hapo ndipo jeti inapoingia. Chukua injini inayozunguka mara 8,000 kwa dakika. Mzunguko mmoja huchukua milisekunde 7.5. Ikiwa tundu la moshi huwa wazi kwa nusu ya mzunguko, wimbi lina milisekunde 3.75 za kwenda na kurudi. Katika moshi wa moto sauti husafiri kwa kasi ya mita 500 hivi kwa sekunde, si ile 340 ya hewa ya kawaida. Safari nzima basi ni mita 1.9, na kutoka usoni mwa pistoni hadi sehemu inayobana panahitajika sentimita 94 au karibu na hapo. Gordon Jennings, Mmarekani aliyeandika kitabu cha ufundi wa injini hizi mwaka 1973, aliwafundisha maelfu ya mafundi wa vichochoroni kupiga hesabu hiyo kwa kalamu na karatasi.

Lakini ile mita 500 haisimami mahali pamoja. Kasi ya wimbi hufuata joto la moshi, na joto la moshi hufuata kiasi cha petroli kinachopita kwenye jeti. Jeti ikiwa kubwa mno, moshi hupoa, wimbi huchelewa, na eksozi iliyopimiwa mizunguko 8,000 hufanya kazi yake chini ya hapo huku injini ikikohoa na plagi ikilowa. Jeti ikiwa ndogo mno, moshi huchemka, wimbi huwahi, na nguvu husogea juu zaidi. Kwa maneno mengine, urefu wa bomba uliopimwa kwa rula ni nusu ya kipimo. Nusu nyingine imo ndani ya kabureta, katika kipande cha shaba kisichozidi ukucha wa kidole kidogo.

Na hapa kuna mtego ambao umeua injini nyingi. Injini inayokosa mafuta haisikiki kama mgonjwa. Huwa nyepesi mkononi, huimba, hupanda mizunguko kwa furaha, na mwenyewe huamini kwamba eksozi aliyonunua ni ya ajabu. Wakati huo huo uso wa pistoni unapata moto kupita kiasi na utando wa oili ukutani mwa silinda unakauka. Petroli katika injini hii huwaka na pia hupoza, nayo mara nyingi ndiyo inayobeba oili. Ukiipunguza umepunguza vyote kwa mkupuo mmoja. Siku pikipiki ya mipigo miwili itakapokuwa na kasi isiyo ya kawaida bila sababu unayoijua, achia mafuta, bana klachi na usimame kando.

Mwinuko wa Nairobi huongeza jambo jingine. Uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, ulio upande huu wetu wa Embakasi, uko mita 1,624 juu ya bahari, na shinikizo la hewa huku ni takribani asilimia 83 ya lile la pwani. Kabureta haipimi uzito wa hewa. Huitikia mvuto wa hewa inayopita kooni mwake, na hewa inapokuwa nyepesi petroli haipungui kwa kadiri ile ile. Ukilinganisha na Mombasa, mchanganyiko wa jeti hiyo hiyo huzidi petroli kwa karibu asilimia 9.

Kwa hiyo pikipiki iliyopangwa kiwandani kwa ajili ya usawa wa bahari hufika Nairobi ikiwa imeshiba kupita kiasi. Nadhani ndiyo sababu kubwa inayowafanya vijana wengi wa Eastlands wabadilishe eksozi bila kuadhibiwa papo hapo. Eksozi inayovuta hewa zaidi hula ile ziada, na mtu akajiona fundi. Kisha Desemba ikifika pikipiki hupakiwa lori, au huendeshwa yenyewe, hadi Mombasa au Malindi. Huko chini hewa ni nzito, ziada imekwisha, na jeti ile ile iliyotosha Donholm haitoshi Nyali. Hata anayeteremka kutoka Ngong hadi Magadi, karibu mita 600 juu ya bahari, hukutana na jambo hilo, ingawa joto la Magadi huifanya hewa iwe nyepesi na kupunguza tofauti. Anayepanda Limuru hukutana na kinyume chake: moshi mwingi, plagi nyeusi, na nguvu iliyozama.

Kuna watakaosema wameongeza oili ili kuilinda injini. Hapa pana kosa ambalo nimelisikia kwa mafundi wazuri. Lita 5 za petroli na mililita 100 za oili ni mchanganyiko wa 50 kwa 1. Ukitia mililita 156 umefika 32 kwa 1. Oili zaidi katika dumu lile lile ina maana kwamba kwa kila tone linalopita kwenye jeti, petroli imepungua. Oili imeongezeka, lakini mchanganyiko wa hewa na petroli umekuwa mwepesi zaidi. Anayebadilisha kiasi cha oili amebadilisha jeti bila kufungua kabureta. Chagua kipimo kimoja, ununue kikombe cha kupimia, usikiache.

Jeti zenyewe nazo zina ulaghai wao. Namba ya Keihin hukaribiana na upana wa tundu kwa sehemu za mia za milimita. Ya Mikuni huhesabu kiasi cha mafuta kinachopita kwa dakika. Jeti ya 160 ya kampuni moja haiwezi kuwa sawa na 160 ya nyingine, na kuzibadilishana kwa kuwa nyuzi zake zimeingia ni kubahatisha. Ile tofauti ya asilimia 9 kati ya Nairobi na pwani humaanisha kutoka 160 hadi karibu 168 kwa Keihin, lakini hadi karibu 174 kwa Mikuni.

Baya zaidi ni waya. Jeti ikiziba kwa uchafu wa petroli ya chupa, fundi huchomoa uzi mmoja wa kebo ya breki na kuupitisha mara kadhaa. Uchafu hutoka, na shaba pia hutoka. Baada ya kusafishwa hivyo kwa miaka, tundu limepanuka na kupoteza uduara wake, na namba iliyoandikwa juu imekuwa ya uongo. Wengine hulipanua makusudi kwa kekee nyembamba. Siwalaumu kwa ukosefu wa vifaa, maana jeti za namba tofauti hazipatikani kwa urahisi kama plagi. Lakini hewa ya pampu na petroli safi husafisha jeti bila kuijeruhi, na jeti iliyokwisha kupanuliwa haina kazi nyingine ila kutupwa.

Anayetaka kuoanisha eksozi na kabureta kwa uaminifu huanza mbali na jeti. Vumbi la barabara za Kayole na Njiru huziba chujio la hewa, na chujio lililoziba huongeza petroli. Ukipanga jeti hali chujio ni chafu, siku utakapolifua injini itakosa mafuta. Kwa hiyo chujio kwanza. Halafu maungio: povu la sabuni likipakwa pale kabureta inapokutana na silinda, na pale eksozi inapofungwa, hufichua uvujaji. Kwa DT kuukuu kuna sili za kranki, ambazo zikichoka huingiza hewa ya wizi chini kabisa ya injini, na hakuna jeti duniani itakayotibu sili iliyokufa.

Baada ya hapo kila sehemu ya kabureta ina eneo lake la utawala. Jeti ndogo na skrubu ya hewa hutawala mwanzo, mpaka robo ya mkono wa mafuta. Sindano hushika kutoka robo hadi robo tatu, na kushusha kibanio chake kwa mfuo mmoja huinua sindano na kuongeza petroli. Jeti kuu huamua kuanzia robo tatu hadi mwisho. Eksozi mpya kwa kawaida huleta mabadiliko makubwa zaidi pale inapoamka, katikati na juu, kwa hiyo sindano na jeti kuu ndizo za kuanza nazo. Tahadhari na ile skrubu: kwa kabureta nyingi za mipigo miwili iko upande wa chujio, na ukiifungua unaongeza hewa. Kwa nyingi za mipigo minne iko upande wa injini, na ukiifungua unaongeza mafuta. Fundi aliyezoea moja huiharibu nyingine huku akidhani anaisaidia.

Jeti kuu hutafutwa kutoka juu kwenda chini, kamwe si kutoka chini kwenda juu. Weka kubwa ambayo una hakika imezidi, mpaka injini ikatekate sauti mafuta yakiwa wazi kabisa, kisha shuka namba moja moja. Kosa la jeti kubwa hugharimu plagi. Kosa la jeti ndogo hugharimu pistoni, ringi, na kuchongwa kwa silinda.

Ushahidi wa mwisho uko kwenye plagi. Funga mpya, ipashe injini moto, tafuta mahali palipo wazi na paliponyooka, mbali na watu na magari, uvute mafuta yote kwenye gia ya tatu au ya nne kwa kitambo. Halafu fanya mambo mawili kwa pamoja: zima injini na ubane klachi. Ukiiacha ijizungushe polepole hadi isimame, rangi utakayoiona ni ya mwendo wa polepole, nayo haikuambii lolote kuhusu jeti kuu. Fungua plagi, utazame chini kabisa ya kauri, mahali inapozama ndani ya chuma. Pete ya kahawia ni habari njema. Weupe wa mfupa ni hatari. Masizi meusi ni petroli iliyopotea. Tangu petroli yenye risasi ilipoondolewa katika kanda yetu mwanzoni mwa 2006 rangi hizi zimekuwa hafifu, kwa hiyo tochi na kioo cha kukuzia vinasaidia, na haraka haisaidii.

Kuna jambo moja ninalolitamani kwa Eastlands kuliko yote haya. Eksozi hizi tunaziagiza kutoka Japani, Marekani na Ulaya, au tunanunua nakala zake zisizo na hesabu, wakati mikono inayoweza kuziunda iko Kamukunji na Shauri Moyo. Jiko la kauri lililosambaa kutoka huko miaka ya mwanzo ya 1980 lina kiuno: koni mbili za bati zilizokutanishwa kwa ncha zake nyembamba. Tumbo la eksozi ya Kaaden ni koni hizo hizo zilizokutanishwa kwa midomo yake mipana. Fundi anayekata bati bapa la jiko na kulikunja likakubali bila pengo ameshajua kazi ngumu kuliko zote katika utengenezaji wa eksozi ya mipigo miwili. Kinachobaki ni bati la milimita moja, uchomeleaji wa gesi badala ya ule wa umeme unaotoboa bati jembamba, na vipimo vilivyoandikwa. Uchomeleaji ukiacha vinundu ndani, wimbi huvunjika; ukiacha pengo, hewa huingia. Usahihi huo wanauweza. Hawajaombwa tu.

Mkia wa eksozi unastahili onyo lake. Huo mwembamba wa mwisho ndio unaoshikilia shinikizo tumboni. Ukiubana zaidi, joto hurudi kwenye pistoni. Ukiukata au kuupanua ili sauti ikue, msukumo hupotea na mtu amelipa pesa ili apunguziwe nguvu. Nimeona mikia mingi iliyokatwa kwa msumeno katika mitaa yetu, na sijui hata mmoja uliofanya pikipiki iende haraka.

Kelele na nguvu hazina undugu. Nguvu ya eksozi hii hutengenezwa kwenye koni na tumbo. Salensa ya mwisho, ile yenye sufi ya kioo ndani, kazi yake ni kunyamazisha kile ambacho kimeshamaliza kufanya kazi. Salensa nzuri haichukui nguvu yoyote ya maana. Sufi ikiungua hubadilishwa. Sheria ya trafiki inataka salensa, na kanuni za kudhibiti kelele za mwaka 2009 zimeipa NEMA, taasisi ya taifa ya mazingira, mamlaka juu ya jambo hilo. Lakini hata kama sheria zisingekuwepo, kuna majirani. Katika majumba ya Pipeline na Umoja ukuta wa mtu ni ukuta wa mwenzake, na mtoto aliyelala ghorofa ya tatu hana dirisha la kuzuia pikipiki ya saa tano usiku. Najua pia kwamba waendeshaji wa boda humsindikiza mwenzao makaburini kwa milio ya injini, na kwamba milio ile ni kilio chao. Siku hiyo moja hakuna atakayewanyima. Siku nyingine zote salensa irudi mahali pake.

Kwa wenye Boxer na TVS neno ni fupi. Eksozi iliyotobolewa kwenye pikipiki ya mipigo minne mara nyingi hupunguza nguvu ya chini, ile hasa inayohitajika kumpandisha abiria na gunia kutoka mtoni hadi Dandora. Mlio wa kupasuka unaopendwa na wengi ni mafuta yanayowakia nje ya injini, na yanayowakia nje hayasukumi gurudumu. Anayefanya kazi ya kubeba watu aiache eksozi ya kiwandani.

Wapo wanaoniambia kwamba kabureta inakufa. KTM ilianza kuuza pikipiki za mipigo miwili zinazopuliziwa petroli kwa kompyuta katika matoleo ya 2018, na boda za umeme za Roam na Spiro zinapita kila siku. Ni kweli. Lakini DT iliyopo Buruburu leo itakuwapo miaka mingi ijayo, na hakuna kompyuta itakayokuja kuisomea plagi. Wauzaji wa Barabara ya Kirinyaga wanaweza kusaidia kwa jambo dogo: wasiuze eksozi ya mipigo miwili bila kuweka kando yake jeti tatu au nne za kujaribia. Nao wanaotahini mafundi wetu, ikiwemo NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, wangefanya jambo la maana kama wangemtaka kila fundi wa pikipiki asome plagi mbele yao kabla ya kumpa cheti.

Wewe uliyeweka pesa za eksozi mwisho wa mwezi huu, fungua kabureta yako kabla hujaondoka nyumbani. Soma namba ya jeti kuu na mfuo kilipokaa kibanio cha sindano, uviandike. Nunua eksozi, plagi mpya, na jeti za juu ya hiyo uliyo nayo, kwa pesa hizo hizo na siku hiyo hiyo. Zikipungua, chagua eksozi ya bei nafuu, usiache jeti. Na ukiiteremsha pikipiki ya mipigo miwili Mombasa, ongeza namba kabla ya kuiwasha.